Sifuri ya Tarehe Kumi na Tisa

Daftari limefika likinuka mafuta ya taa,
jalada limeshonwa kwa uzi wa katani.
Hemedi Kaniki huandika kwa penseli,
tarakimu zake zimelala ubavu:
Mabokweni, nyumba ya nne, mbu ishirini na saba.
Nyumba ya tano, kumi na mmoja.
Nyumba ya sita, mia na watatu,
na pembeni, kwa herufi ndogo: mbuzi walilala ndani.

Mimi niko Chumbageni, ghorofa ya pili,
feni inapepea karatasi, mimi hainijali.
Kazi yangu ni kuuliza asiloweza mbu kulijibu:
kati ya mia walio hai jioni hii
wangapi wataiona kesho?

Nimeandika milinganyo mitatu.
Wanaozaliwa, wanaouma, wanaokufa.
Ni nguo iliyokatwa mwenyewe hayupo.
Nashona, nafumua, nashona,
kompyuta ikijaribu vigezo elfu kumi kwa usiku
hadi ikae mabegani mwa nukta za Hemedi.

Jumanne ikakaa.
Nusura nipige vigelegele peke yangu.
Kisha nikaanza upya, kutoka pengine:
vifo nikavizidisha mara mbili, na uzazi mara mbili.
Ikakaa vilevile. Bila kunyanzi.

Hapo nilivua miwani.
Kijiji ambacho mbu huzaliwa wengi wakafa upesi,
na kijiji ambacho huzaliwa wachache wakazeeka,
mtegoni ni kurwa na doto.
Ila mmoja wao ndiye muuaji.
Mbu mchanga hana cha kukupa zaidi ya mwasho;
aliyemaliza siku kumi na mbili ndiye mwenye homa tumboni.
Daftari linajua idadi.
Umri haliujui.

Na kulikuwa na ile tarehe kumi na tisa.
Nyumba zote sita: sifuri, sifuri, sifuri,
mstari wangu ukainama kama mtu aliyeangusha shilingi,
ukaburuta kila kigezo chini pamoja nao.
Nikampigia Hemedi.
"Usiku ule mbu walikwenda wapi?"
Kimya. Kuku. Mtu anatwanga.
"Walikuwepo. Waliniuma mpaka masikioni.
Betri ndizo hazikuwepo. Nilimwazima Mwanashee
kwa taa za harusi ya mwanawe.
Nikaona nisiache nafasi wazi. Ofisi haipendi nafasi wazi."

Nilifuta sifuri sita, nikaweka vistari.
Sifuri husema: nimetazama, hakuna.
Kistari husema: sikutazama.
Kijiji kizima chaweza kuugua
katika upenyo ulio kati ya hayo mawili.

Wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe.
Tuliwapaka mbu mia nane unga wa waridi,
tukawaachia nyuma ya choo cha shule.
Siku ya tatu wakarudi mtegoni kumi na tisa wenye rangi.
Siku ya tano, kumi na wawili.
Siku ya tisa, watano,
wamechakaa mbawa, waridi imebaki gotini.
Sijawahi kufurahia mbu hivyo.

"Sasa?" akauliza Mwanashee, mdomoni ana pini,
cherehani yake barazani kando ya betri zetu.
Nikamwambia: kila siku, kati ya mia, themanini huiona kesho.
Huenda sabini na wawili. Huenda themanini na saba.
Wanaofika umri wa kuua ni saba kati ya mia.
Au wawili.
Au kumi na tisa.

"Umesoma miaka yote hiyo
uje uniambie au?"
Nikasema ndiyo.
Akageuza sare ya mtoto, akanionyesha upindo,
vidole vinne vya kitambaa kilichokunjwa ndani.
"Hata mimi simkati mtoto kamili," akasema, akakata uzi.

Daftari jipya limefika leo.
Nyumba ya pili, mbu arobaini.
Nyumba ya tatu, kistari,
na pembeni, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka:
paka aliangusha mtego. Sijui.